Aliyepotea Ajilipie

Dodoma, kambi ya reli

Dada Zuhura, shikamoo. Mimi mzima, ila kofia uliyonidarizia sinayo tena. Kabla hujanuna, nisikilize.

Wiki iliyopita nilitoka kambini kwa Mdachi ninayempikia, nikapanda kilima kutazama nchi. Wenyeji walinionya nisiende peke yangu. Mimi, mtu wa Bagamoyo, niulize njia ya kilima? Nikapotelea kwenye miiba, hadi bibi mmoja wa Kigogo, aliyekuwa akitafuta ndama wake, akanipata mimi. Akanipeleka kwake, akanilisha ugali wa uwele na mlenda, akasema ng'ombe aliyepotea haachiliwi mpaka mwenyewe alete shukrani.

Bwana alipofika kunitafuta, bibi akamwuliza, "Huyu ni wako?"

"Ni mpishi wangu tu," akasema Mdachi. "Aliyepotea ajilipie!"

Mfukoni sikuwa na kitu, dada. Ndipo kofia ikaenda.

Jana Bwana naye kapanda kilima kilekile, hataki wa kumwongoza, eti ana dira. Leo asubuhi bibi kaja kambini, kofia yangu kichwani. "Nimempata mwingine, mwekundu, ana ndevu. Ni wako?"

Nikamjibu kwa adabu, "Ni bwana wangu tu, bibi. Ajilipie."

Nawakumbuka wote hapo nyumbani, wewe zaidi, na kofia nyingine naingoja. Naishia hapa, maana namwona bibi anakuja na viatu vya Bwana miguuni, na Bwana anamfuata pekupeku. Nimempikia mlenda.

Mdogo wako, Saidi