Nilivyomfuta Mama Kwenye Mti Wetu

Leparua,
Isiolo.
9 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Akiru,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Goti linasemaje na baridi ya Eldoret? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila mvua hatujaiona na mbuzi wa Mama wanazidi kukonda. Mwili wangu ni mzima lakini roho imechafuka, na sitaki uyasikie haya kwa Lokaale.

Ule mgunga wetu, ewoi, ambao babu alituachia, tuwe tunawatikisia mbuzi maganda ya mbegu zake wakati wa kiangazi, umezungushiwa waya tangu mwezi jana. Watafiti wameweka mashine ya leza kando yake. Kila robo saa inaupiga miale na kuuchora kwa nukta zisizohesabika. Ukizitazama picha za siku nzima unaona matawi yanashuka jioni, asubuhi yanainuka tena, kiasi cha vidole viwili. Sikudanganyi, mwanzoni nilifurahi sana, ndiyo maana nikakubali kazi ya kusafisha picha hizo.

Kumbe Lokaale, binamu yangu mwenyewe, ndiye aliyewaambia mti hauna mwenyewe, akapewa kazi ya ulinzi. Maganda yanaanguka na kuoza ndani, mbuzi wamesimama nje wakinusa. Nikimwona anavyotembea na zile buti natamani kutema mate.

Kwenye picha za Jumatano mchana tawi moja liliruka juu ghafla. Mawira, mkubwa wangu, akaniambia, "Toa takataka yote, ibaki mti peke yake." Takataka ni ndege, mbuzi, chochote kisicho mti. Nikaikuza picha. Chini ya tawi nukta zilikuwa zimesimama kama mtu, fimbo ndefu mkononi, bega la kushoto limeshuka. Shangazi, bega hilo unalijua.

Nilimfuta. Niliogopa kupoteza kazi, nikambonyeza Mama akaondoka pamoja na ndege. Mawira akanisifu kwamba nina macho makali. Nilijionea kinyaa, na kinyaa chenyewe hakijaisha.

Jioni Mama hakunificha kitu. Mbuzi mmoja alikuwa ameshindwa kusimama, basi Lokaale alipoenda kula yeye akapita chini ya waya. Akaniangalia, akasema, "Nakolong, si wewe unakaa na hao watu? Waambie hiyo mti ni ya nani."

Jana nilimrudisha Mama kwenye picha, nikamwonyesha Mawira na kumwambia huyu ndiye mwenye mti. Alisikiliza, akakubali kosa ni lao. Halafu, kwa upole ule ule, akasema vipimo vya wiki hiyo vimeharibika, kwa hiyo waya itakaa mwezi mmoja zaidi. Wakati huo maganda yatakuwa yameisha. Upole wa namna hiyo unanitia kichefuchefu kuliko matusi.

Leo asubuhi nimeifungua waya mwenyewe. Mama ametangulia, mbuzi nyuma yake, nami nimeshika fimbo nikatikisa. Mashine ilikuwa inafanya kazi na sikuizima. Tumo humo pichani sote sasa, na Mawira atafute mtu mwingine wa kutufuta.

Nisalimie Dan na Joy, na watoto wote hapo. Mama anakusalimia sana. Mungu akuimarishie goti uje utuone.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa moyo wote,
Nakolong