Ukurasa Niliouruka

Kaka Idi,

Shikamoo. Sijazoea kuanza maneno na wewe bila salamu, hata sasa ambapo hakuna wa kuitikia.

Chumba chako cha Turffontein, hapa Joburg, kimepata mpangaji mwingine. Cherehani nimeichukua mimi, ingawa hata kifungo siwezi kushona. Mama yako kule Tanga tulimwambia ni nimonia. Si uongo, ila si yote. Mmoja wa waliokuosha alivaa glavu mbili mbili, nikamchukia. Kisha nikajiuliza namchukia nini yule, na mkosaji ni mimi.

Hili sijawahi kukwambia. Yule mtafiti wa Braamfontein aliniajiri niwahoji vijana wa kiume wanaopenda wanaume, wageni kama sisi, kwa kuwa nazungumza Kiswahili na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Alidhani watu watakuwa huru kwangu. Hakujua kwamba mambo mengine kwetu ni rahisi kumwambia mtu baki. Siku ya kwanza ulikuja wewe, tepu ya kupimia nguo ingali shingoni, ili nisikae bila mtu wa kuhoji. Ukacheka: "Eish, mdogo wangu, leo wewe ndiye daktari!"

Niliuliza umri, kazi, umekaa Joburg miaka mingapi. Nikafika ukurasa wa tatu: wapenzi, kondomu, mara ya mwisho kupima Ukimwi. Nikakutazama. Wewe ndiye uliyenipokea stendi, ukanipa godoro lako ukalala sakafuni. Miaka minne tuliishi tukijuana bila kutamka. Kaka yangu nitamuulizaje habari za kitandani? Nikageuza ukurasa.

"Umemaliza?" uliuliza. Nikasema nimemaliza. Ulisimama mlangoni kidogo, halafu ukaenda. Nikajaza mwenyewe: kondomu, kila mara; kupima, ndiyo. Niliona nakusitiri. Lakini waliojibu hapana ndio waliopelekwa chumba cha pili kwa nesi, wakapimwa, wakaelezwa vidonge vya kujikinga, na wenye virusi wakaanzishiwa dawa. Nilikuwa najua hivyo, kaka. Nilijua na bado nikajaza.

Pale mlangoni ulikuwa unangoja nikuulize? Nadhani ulikuwa unangoja. Wazo hilo linanitafuna kuliko kifo chenyewe.

Baada ya miezi minane hospitali wakasema umechelewa sana. Uliniomba nikufunike miguu, ukanishukuru. Hukunilaumu, maana hukujua la kunilaumia.

Juzi nilimweleza mtafiti yote. Amezitupa fomu zangu, kazi imekwisha, na sikubisha. Aliuliza kama nimewaruka wengine. Nikasema wawili, wote wamenizidi umri. Mmoja amekwisha kupimwa. Wa pili ni Kaka Rashidi, fundi viatu wa Doornfontein, naye hapokei simu zangu.

Kesho asubuhi nakwenda kibandani kwake. Nitamwambia nilichokufanyia, kisha nitamuuliza yote, moja moja, nikimtazama usoni. Atanitukana, najua. Nakuahidi sitabanduka pale mpaka akubali tuongozane kliniki.

Kwaheri, kaka. Mungu akupe raha uliyoikosa huku.

Heshima yangu ndiyo iliyokuua. Rashidi naenda kumvunjia.

Mdogo wako,
Salum