Majina Mengi, Wimbo Mmoja

Jumanne, 1 Aprili

Idd pili. Mfungo mosi umeingia na watu wanaoana kana kwamba kesho ndoa zinapigwa marufuku. Kila familia inataka wimbo wake, wenye jina la bibi harusi na bwana harusi, upigwe maharusi wakiingia ukumbini. Leo studioni kwangu nimerekodi wa Munira, wa Rubina, na mwingine nimeshamsahau.

Mchana simu kutoka Misima. Mama Zamda, mama yake Husna! Nikampa shikamoo, akaitikia – afadhali. Anasema Husna yuko tayari kurudi. Talaka niliyompa ni moja tu, njia ipo. Ila baba yake hataki marejeo ya kwenye simu. Niende na mzee wangu, niseme mbele yao, kabla eda haijaisha. Siku zimebaki chache, akasema. Nikajibu Jumamosi, inshallah. Nimeingia chooni nikalia kidogo, kwa furaha.

Alhamisi, 3 Aprili

Kijiweni kumewaka. Nani amerekodi nyimbo nyingi kuliko wote? Deogratius anashikilia wanakwaya, kila Pasaka albamu. Awadhi, fundi simu wa mlango wa pili, anasema wazee wa bendi – walikuwa wanaingia redioni asubuhi, wakitoka jioni wameacha nyimbo za mwaka mzima. Rahul wa duka la vitambaa akasema sote hatujui kitu, waimbaji wa filamu za Kihindi hawana mpinzani, mtu anaimba filamu moja kabla ya chai na nyingine baada ya chai. Nilisikiliza weee, mwisho nikashindwa. Nikasema mnayemtafuta mmekaa naye benchi moja. Miaka yote hii, kila wiki harusi, nani wa kunifikia Korogwe na Handeni nzima?

Awadhi akaweka kikombe chini. "Sabiri, wewe wimbo wako mmoja. Majina ndiyo mengi."

Benchi zima lilicheka. Hata muuza kahawa.

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Na hajui ni kweli kiasi gani. Ule wimbo niliutunga kwa harusi yangu mwenyewe. *Pokea, Husna, pokea, mlango ni wako.* Watu wakaupenda, wakaja kuuomba. Nikatoa jina la Husna, nikaweka la mwingine, halafu la mwingine. Jina lake lilikuwa limekaa pale kama mguu ndani ya ndara yake. Mengine yote nayasukuma. Chausiku linazidi, Loyce linapungua, navuta sauti mpaka basi. Husna alipoondoka hakutaja kingine. Alisema amechoka kunisikia nikiwaimbia wake za watu wimbo wake.

Ijumaa, 4 Aprili

Joyceline, mtangazaji wa redio ya hapa, amesikia habari ya kijiweni. Kesho saa tano anafanya mjadala: nani amerekodi nyimbo nyingi zaidi? Ananitaka studio. Moja kwa moja, hewani! Awadhi naye kaalikwa.

Kesho ni Misima. Najua kesho ni Misima.

Nimempigia baba mkubwa kule Bungu. Alikuwa ameshatoa kanzu kwenye sanduku, ateremke na gari la alfajiri. Nikamwambia tusogeze hadi Jumapili. Akasema redio ipo kila Jumamosi. Nikamwambia, baba mkubwa, hii ni mara moja. Hata Husna akisikia jina langu likitajwa kwa heshima atafurahi. Siku moja itaharibu nini?

Jumamosi, 5 Aprili

Nimebeba nyimbo zote kwenye flashi. Joyceline akauliza, "Sabiri, katika hizo zote, tupige upi ambao ni wako?" Wa kwangu upi! Kila niliougusa una mwenyewe. Nikampa mmoja kubahatisha. Haujafika kiitikio, simu zikaanza kuingia. Wa kwanza anasema huo ni wimbo wa Munira. Wa pili, kutoka Mkata, anabisha: huo ni wa dada yake Loyce, yeye mwenyewe alishika mwavuli siku hiyo. Wakabishana hewani wao kwa wao. Hakuna aliyesema ni wa Sabiri. Awadhi aliinamisha kichwa, hata kucheka hakucheka. Nimetoka pale nimechoka kama niliyelima.

Kesho Misima. Hilo ndilo la maana.

Jumapili, 6 Aprili

Tumefika saa nne. Mama Zamda katupokea mlangoni, hakututandikia mkeka. Akamwangalia baba mkubwa, si mimi. "Mwenzenu kaoga jana magharibi."

Basi. Eda imekwisha.

Wali wa jana ulikuwa bado jikoni, sufuria limefunikwa. Walitupikia. Walitungoja mpaka jua likazama.

Baba mkubwa, Mungu amlipe, akaanza upya kwa adabu: njia haijafungwa, tunaweza kuleta posa mpya. Nikadakia kwamba hata leo niko tayari. Sauti ya Husna ikatoka chumbani, taratibu tu: "Mwambieni nilimsikia redioni."

Njia nzima ya kurudi baba mkubwa hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Jumatano, 9 Aprili

Wimbo wa harusi. Mchana mwingine tena.

Ijumaa, 18 Aprili

Sina la kuandika. Najichukia.

Jumatano, 18 Juni

Harusi zimerudi baada ya Idd ya kuchinja. Awadhi kaniletea kahawa mpaka ndani, akasema alitania tu siku ile, hakujua habari ya Husna. Nikamwambia hakukosea. Akaniuliza kwa nini situngi mpya. Nilijaribu, kila sauti inageuka kuwa ileile.

Alhamisi, 19 Juni

Amekuja mama mmoja wa Mkata, shangazi wa bwana harusi, amebeba zawadi ya maembe makavu na furaha tele. Bwana harusi Mbwana, mfanyabiashara wa mahindi. Bibi harusi Husna.

Nikauliza Husna wa wapi. Wa Misima, akasema. Mtulivu, aliwahi kuolewa, mume hakujua thamani yake.

Hanijui. Nilitakiwa kusema mashine imeharibika. Awadhi alikuwa mlangoni, kasikia, akanitikisia kichwa kwamba nisifanye. Nikavaa vipokea sauti.

*Pokea, Husna, pokea.* Sikusukuma, sikuvuta. Limeingia lenyewe. Tangu harusi yangu sijawahi kuimba mstari ule ukanyooka hivyo. Shangazi akapiga vigelegele, akasema jina hili na wimbo huu vimezaliwa pamoja. Anataka niongeze furaha kidogo kwenye sauti.

Nimemwambia asubiri kompyuta inahifadhi. Kompyuta haihifadhi kitu, naandika hapa. Mstari wa pili unataka jina la Mbwana, pale palipokuwa na langu. Shangazi amekaa kwenye benchi, anapiga makofi polepole, ananihesabia mapigo ya kuingilia.