Alhamisi Ambayo Sikuhesabu

Baba,

Ile barabara ya Kabasa uliyokuwa ukiiulizia kila nikija Butiama, tumeipanua. Tumeongeza njia ya katikati kwa magari yanayosubiri kukata kulia kuingia mnadani, ili yanayonyoosha Musoma yapite bila kusimama. Nimeichora mimi. Ulitaka nikulete uione, ukatangulia.

Alhamisi ulikuwa mnada wa kwanza tangu tuifungue. Malori ya fuso yakaja na ng'ombe, yakaijaza njia, mengine yakabaki mikia iko barabarani. Foleni ikarudi, mbaya kuliko ya zamani. Basi moja likachoka kusubiri, likachomoka pembeni, likalikosa fuso kwa upana wa kiganja. Nilisikia ng'ombe wakilia mle ndani.

Njia ile ya kusubiri ni fupi, Baba, na sababu naijua. Wiki ya kuhesabu magari ili tupate urefu wake, siku ya mnada ndiyo tuliyokuzika. Niliporudi kazini nikachukua hesabu ya Jumatano, nikainakili kwenye safu ya Alhamisi. Nikajiambia nani atajua, na mimi nina msiba.

Halafu nakukumbuka siku tuliyomzika bibi. Watu wamejaa uani, wewe ukaenda kusimama mlangoni mwa zizi, ukahesabu ng'ombe mmoja mmoja wakiingia, machozi yanakutoka. Shangazi akakufokea. Ukamjibu tu, "Mimi nahesabuga kila siku. Na leo wameenda malishoni."

Kesho Jumatatu wanamwaga zege la kingo. Likikauka, urefu ndio huo. Nikimwambia injinia mkuu wangu kwamba nilighushi, kazi sina, na mama ananitegemea mimi. Nikinyamaza, mnada ujao basi halitalikosa fuso. Nimekukasirikia pia, Baba. Nimesema kwa nini ufe wiki ile. Nisamehe.

Karatasi nimeiandika upya. Kwenye safu ya Alhamisi nimeandika: sikuhesabu, nilikuwa namzika baba yangu. Nitaipeleka asubuhi, kabla gari la zege halijafika. Naogopa sana.

Pumzika, Baba. Alhamisi nitasimama pale mnadani, kazi nikiwa nayo au sina, nihesabu fuso moja moja mpaka la mwisho liingie.

Binti yako,
Nyangeta