Tani za Manowari Nyepesi

Jumatatu, 3 Oktoba 1910
Nimeshinda! Wakubwa wa jeshi la majini huko Berlin wameukubali mchoro wangu wa manowari. Ukanda wa chuma cha kinga hautabandikwa ubavuni juu ya mabamba mengine — utakuwa ubavu wenyewe, uibebe meli. Tani tisini tunaziokoa. Bwana Thormählen, mkuu wetu wa michoro, alikunja uso mpaka masharubu yakagusa pua. Akaniambia mbele ya ofisi nzima: mkataba unadai maili ishirini na saba za baharini kwa saa. Meli isipozifikisha, nitachora mashua za makaa mpaka nizeeke. Nikajibu sawa.

Alhamisi, 17 Novemba 1910
Nimejipa cheo: mlinzi wa mizani, maana kila kilo inakula kasi. Hakipandi kitu kwenye Meli Namba 214 bila kupimwa, hata ndoo ya rangi. Mafundi wananiita Mama Mkwe. Leo mmoja alipita na mkoba wa chakula, nikaupima nao. Gramu mia nane, mkate na soseji. Akauliza, "Na nikishakula, bwana, utanipima tena?" Nyundo zilisimama kwa kicheko. Nilicheka nami, lakini niliandika.

Jumamosi, 13 Mei 1911
Imeshuka majini! Na hatimaye ina jina. Siri ilitunzwa mpaka dakika ile — hata mimi niliyeichora nilikuwa naiita namba tu. Meya wa Hohenwerda, mji wa bara kabisa, alisoma hotuba ndefu, akavunja chupa, na manowari ikaitwa jina la mji wake. Ikateleza taratibu juu ya mafuta ya ng'ombe na sabuni, kisha mbio. Mke wangu Wiebke alinishika mkono. "Asmus, unalia?" Nikasema ni upepo. Akasema upepo gani huo unaokupiga wewe peke yako.

Jioni tulikula samaki wa moshi, nikanywa bia mbili zaidi ya kawaida. Nina furaha sijui niiweke wapi.

Jumanne, 9 Januari 1912
Balaa. Mji ukipewa manowari huipa zawadi, hilo nilijua. Nilitegemea bendera, labda vijiko vya fedha. Hohenwerda wameleta nembo ya mji ya shaba — tani moja na robo! Na piano. Na kabati la mwaloni ambalo halipiti mlangoni.

Nikamkimbilia Kapteni Uhlig, atakayeiongoza meli. Akasema, "Bwana Lorenzen, watu wamechangishana, mpaka watoto wa shule. Zawadi haipimwi."

"Nimeshaipima, Kapteni."

Kisha akatoa melini beseni lake la kuogea la chuma kizito, akasema ataoga kwa ndoo kama mabaharia wake. Maafisa wakaona haya, wakayatoa na yao. Mungu awabariki, hata wakinuka.

Jumatatu, 5 Februari 1912
Bendera imepandishwa, mabaharia mia tatu hamsini wameingia. Mizinga kumi na miwili, turbini mbili, kila kitu mahali pake. Nilishuka gatini kutazama alama za kina. Imezama sentimita mbili pungufu ya hesabu yangu! Nilimwonyesha Thormählen. Akasema kuelea hata kizibo huelea.

Alhamisi, 14 Machi 1912
Naandika melini. Ni siku ya majaribio: safari nne kati ya nguzo mbili za pwani, mbili na upepo, mbili dhidi yake, kisha wastani. Wajumbe wa Hohenwerda wamo. Mgeni njoo, mwenyeji apone — wamekuja na mapaja ya nguruwe, na wanashangilia kila wimbi, hata waliotapika.

Ya kwanza 26.9. Ya pili 27.1. Ya tatu 26.7.

Ya mwisho lazima ifike 27.3. Haijawahi.

Nikamtafuta Thormählen nione anavyochekelea. Hayuko juu. Baharia mmoja akasema yule mzee ameteremka chini. Nikateremka.

Yuko kwenye boila ya tatu. Kavua koti, kavua kola, uso mweusi, beleshi mkononi, miaka sitini na mmoja! Anawakaripia wachochea makaa: "Mnalisha kuku au mnalisha moto? Pembeni huko kumepoa. Tandaza!" Wao wanacheka na kuongeza kasi.

Akaniona. Nikadhani atanifukuza. Akasema, "Lorenzen, umesimama nini? Meli yetu haiendeshwi na penseli."

Yetu. Mwaka mzima na nusu alikuwa akiiita ile yako.

Kengele imelia. Nguzo ya kwanza, bado dakika tatu. Sakafu inatetemeka, herufi zangu zinaruka. Ananinyooshea beleshi, hataki nimalize mstari, na mimi naitia penseli mfukoni —