Jina Alilonipa Mzee Fintan

Buffalo, 8 Novemba 2015

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mzee Fintan ninayemtunza amenipa jina: flaithiúlach. Ni Kiayalandi, lugha ya bibi yake, maana yake mtu mwenye mkono wazi. Anasema limetokana na flaith, yaani mfalme, kama mwami wa kwetu, kwa sababu zamani mwami alijulikana kwa jinsi alivyogawa. Ameniita hivyo kwa kuwa mtu akigonga, awe wa posta au fundi bomba, simwachi aondoke bila chai ya maziwa. Nilicheka sana.

Mwanao, Nabintu

Louisville, 20 Novemba 2015

Nabintu mwanangu,

Salamu nyingi. Goti bado linasumbua, ila kanisani nafika. Hilo jina silipendi. Maziwa hayo ni ya nani? Kwetu Bushi mwami hugawa ng'ombe waliotoka kwa watu, na akikupa shamba unabaki mtu wake. Sasa wewe unaitwa mwami jikoni mwa wengine, nawe unacheka. Bon, muulize kama anakusifu au anakusema. Na binti wa huyo Mzee anajua unavyogawa? Kitu kikipotea humo, macho yote ni kwako.

Mama yako

Buffalo, 11 Januari 2016

Mama mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Huku theluji imefika madirishani. Nilimuuliza Mzee. Alisema, "Tazama kwanza nani analisema." Eti bibi yake alilitumia kumsifu jirani, na babu akalitumia kumgombeza bibi kwa kugawa vya nyumbani. Sasa kila Jumapili namwona binti yake akifungua friji, sijui anatafuta nini. Chai nimeacha. Wa posta namalizana naye mlangoni. Mzee haniiti tena jina lolote. Naogopa, na kazi hii naipenda.

Mwanao, Nabintu

Louisville, 19 Januari 2016

Mwanangu,

Nakuombea. Toka kabla hawajakufukuza. Kaka yako Bagula ana chumba Columbus.

Mama yako

Columbus, 6 Machi 2016

Mama,

Pokea salamu za Bagula na mkewe hapa mtaani Clintonville. Goti vipi? Kazi nimepata, ghalani. Jana binti ya Mzee Fintan alinipigia. Kumbe Jumapili alikuwa anaongeza maziwa, akijua wageni watakuja. Sasa hakuna anayeingia, na Mzee kila jioni anauliza chai iko wapi. Aliniomba nirudi. Alilia.

Zamani ningefunga mizigo palepale. Lakini nilipokata simu nilijikuta nawaza: huyu analia nini, anataka nini kwangu? Nimejichukia, Mama. Na bado sijamjibu.

Mwanao, Nabintu