Aliyebaki Hewani

Mtua, Nachingwea
Jumanne, baada ya chai

Dada yangu Tusekile,

Nakusalimu mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni, na Mama namsalimu kupitia mdomo wako. Macho yake yanaendeleaje? Yale matone ya hospitali anayatia, au bado anasema yanamchoma na kuyaficha chini ya mto? Na kiuno chako? Usinijibu "tupo hivyo hivyo", maana ndilo jibu lako tangu utotoni, hata siku ile ng'ombe alipokukanyaga mguu.

Huku tu wazima. Vumbi ni lile lile, mikorosho imeanza kutoa maua, na mimi kutwa natengeneza mabomba ya kupulizia dawa, nanuka salfa mpaka mbuzi wananikwepa. Mke wangu Skola yuko shuleni anafundisha. Bado tunaishi kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa huku, mume kumfuata mke. Najua wewe na kaka mnaniita "bwana aliyeolewa". Chekeni tu. Kwetu Rungwe mkamwana ndiye anayemkimbia baba mkwe. Huku mkamwana ni mimi. Mama mkwe akipita uani najibanza kando. Nikiwa na neno naye nampa Skola alipeleke. Chumba chake sijakanyaga hata kizingiti. Na kwa tumbo hili nililoota, dada, kujibanza si kazi ndogo.

Nimeandika kwenye karatasi, na nitampa sista wa misheni anayesafiri kesho kwenda Mbeya, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu. Hapa ukisema sebuleni, chumba cha nyuma kinasikia. Ni habari ya Jumapili ile nilipowapigia simu ya video na picha yangu ikaganda.

Ulinieleza kwamba Mama aliniona mdomo wazi, macho juu, sisogei, akalia akisema ameonyeshwa maiti yangu. Maneno hayo hayajanitoka. Daktari ameshasema mwanga wa macho yake unaondoka na hautarudi. Sasa Mama aingie gizani na ile ndiyo iwe sura ya mwisho ya mwanawe? Nikasema hapana. Ndipo nikaanza kupambana na intaneti, mimi ambaye hata redio naizima kwa kuchomoa waya.

Intaneti ya hapa ni kazi ya Deo, mdogo wake Skola, yule kijana aliyekupokea begi stendi ulipokuja kwenye harusi yetu. Mitandao ya simu huku Mtua inashika kwa kubahatisha, basi Deo akafunga antena juu ya paa, akateremsha waya mpaka sebuleni kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti hewani kwa simu zetu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake vijijini. Mwaka jana alikwenda Nandagala, upande wa Ruangwa, kufunga antena ya watu, na wakati wa kurudi pikipiki ikamwangusha. Unakumbuka, ulitutumia rambirambi.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Tangu tumzike, nimekuwa nikisikia mluzi wake. Deo alikuwa na mluzi wa kufikia nyumbani: mfupi, kisha mrefu, unaopanda mwishoni kama swali. Mchana jua likiwa kali na watu wamejilaza, nilikuwa nausikia nyuma ya nyumba, mdogo sana, kama unatoka chini ya udongo. Nikishausikia, nainamia bomba langu na kujifanya nakaza nati.

Basi, nikampigia Saidi, fundi wa Nachingwea mjini aliyekuwa akifanya kazi na Deo.

"Shemeji," akasema, "usiilaumu antena kabla hujapima kwa waya. Chomeka kompyuta kwenye ruta moja kwa moja."

Skola alikuwa amekuja na kompyuta ya shule. Kamera yake ilishakufa, ila kwa kupimia ilitosha. Nikachomeka. Dada, intaneti ilikimbia kama maji ya mto Kiwira wakati wa masika. Nikachomoa waya, nikajaribu kwa waifai nikiwa nimekaa pale pale, ikatambaa kama kinyonga.

"Basi antena ni nzima," Saidi akasema. "Ugonjwa uko hewani."

"Saidi, katika nyumba hii usiseme hivyo."

"Nimesema nini?"

"Kwamba kuna kitu hewani."

Akacheka. Mimi sikucheka sana. Nikafuata maelekezo yake: nikaitoa ruta nyuma ya televisheni nikaipandisha juu ya kabati, nikaizima nikaiwasha, nikabadilisha chaneli. Hali ile ile. Mwisho akaniambia nizime kila simu iliyomo ndani. Tukazikusanya, tukazipanga kwenye ungo kama dagaa, zote zimezimwa. Simu ya mama mkwe ni kitochi, haijui intaneti.

Taa ya waifai kwenye ruta ikaendelea kupepesa.

Tukaitazama, mimi na Skola. Simu zote ziko kimya kwenye ungo, na bado kuna mtu anatumia.

Nikawasha yangu nikamweleza Saidi. "Jirani?" akauliza.

"Jirani yetu wa karibu ni mikorosho."

"Basi kuna chombo kingine. Hewani, shemeji, vyombo vinaongea kwa zamu. Kimoja kikiwa mbali, au kimefichwa mahali, hakisikiki vizuri, kinarudia na kurudia, na wengine wote wanasubiri kimalize. Kwenye waya hakuna kusubiriana. Badilisha neno la siri. Huyo atabaki nje, nyie mtaingia upya."

Neno la siri aliliweka Deo, na hatukuwahi kuligusa. Nilimtazama Skola. Alikunja kitambaa cha kufutia ubao, akakikunjua, akasema, "Badilisha tu."

Nikabadilisha. Waifai ikapona palepale. Nikatembea uani na simu mkononi kifua mbele, kama injinia aliyetoka kuzindua daraja. Nilitaka kuwapigia, nikaona nisubiri Jumapili, Mama awe amepumzika. Na ule mluzi ukakoma. Nikajisemea, na yeye sasa amelala.

Lakini mama mkwe akaacha kula. Ming'oko, vile viazi vya porini, ambayo kwa kawaida hutuachia maganda tu, ilirudi jikoni sahani nzima. Akawa anakaa kwenye kizingiti cha chumba chake, mgongo kwetu, uso ndani. Mchana mmoja nikiwa chini ya dirisha na bomba langu nikamsikia Skola:

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona huli?"

"Nani amemziba mdomo?"

"Amemziba nani, mama?"

"Mdogo wako. Alikuwa ananiita. Sasa haniiti."

Skola alipotoka hakuniangalia usoni, akaniambia. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati, na ndani yake, chini ya kanga, iko simu ya Deo. Sisi tulijua ilipotea siku ya ajali. Kumbe mama alikabidhiwa pamoja na viatu, asimwambie mtu. Kioo kimepasuka, laini ilishafungwa. Lakini waya wa chaji umepitishwa pembeni ya kifuniko, hautolewi, na simu yenyewe iliijua nyumba yao, ikawa inajiunga na waifai bila kuombwa. Marafiki zake wa mpira bado wanatuma video kwenye kundi lao, na yenyewe inazivuta zote, ndani ya bati, kwa shida, ikirudia na kurudia. Kila ujumbe ukiingia inapiga mluzi. Deo alirekodi wake mwenyewe.

Na kila ulipopigwa, mama aliitika. "Naam, baba." Kwa mwaka mzima. Skola naye alikuwa akiusikia mluzi, akinyamaza kama mimi. Nyumba nzima tulikuwa tunafichana marehemu.

Dada, hapo nilikaa chini. Mama yetu anataka kuuona uso wangu kabla giza halijamfikia. Mama huyu anataka kuitwa. Na wote wawili wanagombea hewa moja.

Nikampigia Saidi tena, nikamweleza. 

"Mimi bado namtumia," akasema.

"Unamtumia nani?"

"Deo. Kila mechi namtumia magoli. Nilikuwa naona tiki mbili, zimefika. Niliogopa kumuuliza mtu. Tangu majuzi ni tiki moja tu. Nikasema basi, sasa amekwenda kweli."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Mrudishie neno lake," akasema baadaye. "Ila mtoeni kwenye bati. Mwekeni karibu na ruta. Akiwa karibu atasema upesi na kumaliza, hatawachelewesha."

Nikampa Skola ujumbe huo aupeleke chumbani kwa mama yake. Punde mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka mwenyewe, simu ameifunga kwenye kanga kama kichanga. Nikainuka nikimbilie kona yangu. Akaniambia, mimi, si Skola:

"Kaa, baba. Leo usikimbie."

Akaiweka juu ya kigoda kando ya ruta, akaketi mkekani. Nikarudisha neno la zamani. Taa ya ruta ikapepesa. Kisha simu ikaanza, mluzi juu ya mluzi, ukigongana na mwingine, kama mtu aliyefungiwa nje mvua ikinyesha. Mama aliitika kila mmoja, hakuruka hata mmoja. "Naam. Naam, baba. Naam." Skola alikwenda jikoni. Mimi nilibaki nimekaa.

Jioni yake mama alikula.

Nimepima: waifai si kama waya, lakini picha haigandi. Kwa hiyo Jumapili hii baada ya misa nitawapigia, nikiomba sista awe amekufikishia hii. Nitakuwa sebuleni, na mama mkwe atakuwepo, siku hizi hapo ndipo anaposhinda, tunatazamana mchana kweupe bila aibu. Mtasikia mluzi nyuma yangu, na sauti ya mwanamke ikiitika. Nakuomba, dada, usishtuke wala usicheke. Mama macho yamefifia lakini masikio yake unayajua. Atauliza nani huyo anapiga mluzi. Mwambie ni mtoto wa nyumba hii, anaitwa Deo. Akisema asalimiwe, tutamsalimia.

Mimi nitatikisa kichwa na kukonyeza macho muda wote kama kichaa, ili anione niko hai.

Msalimie kaka Ambakisye, na umwambie bwana aliyeolewa anamwuliza ni nani atakayemlipia mahari ya kumrudisha. Msalimie shangazi wa chai, mwambie bado nanywa yake, ya dukani nawapa wageni. Wanao wote wasalimie, na padri wetu mzee kama bado anatembea. Skola anakuamkia shikamoo. Mama mkwe naye amesema, akinitazama usoni, kwamba anamsalimia mama mwenziwe.

Na nikiganda katikati ya neno, msikate simu. Mshike Mama mkono, umwambie sijafa. Ni zamu ya mwenzangu kusema.

Mdogo wako, mkamwana wa Mtua,
Gwamaka